Jina Moja la Kupeleka Chicago

Washington, 28 Agosti 1988

Kaka Curtis,

Nimefika. Naanza na hilo kwa sababu najua mama yako ameshakuuliza mara kumi kama yule binti wa Hudak amefika salama. Mwambie nimefika, nimekula, na chumba changu kina dirisha. Usimwambie kwamba dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Katika kikundi chetu cha kusoma ni wewe peke yako ambaye hukuniita msaliti, ndiyo maana unaandikiwa wewe. Hollis Pendry alinipa mkono akaniambia asante kwa kumwachia nafasi ya kwanza bila jasho. Nikamwambia aitunze, maana aliyekuwa nayo hakuipata kwa kulala. Tulicheka, lakini si sana.

Unajua kwa nini nimehama, ila niache niseme tena ili nijisikie mwenyewe. Nataka kazi kwenye kampuni kubwa ya mawakili, zile zenye majina marefu mlangoni, na kila mtu mwenye akili aliniambia kampuni hizo hazijui Youngstown iko upande gani wa Ohio. Wanatazama jina la shule kwanza. Brandt yetu haina jina, Ashby hii inalo. Siku kiwanda cha chuma kilipofungwa wewe ulikuwa ndani na baba yangu alikuwa ndani, sihitaji kukueleza zaidi. Sitaki kuishi tena mahali ambapo mtu nisiyemjua anaweza kuamka Jumatatu moja akanifungia maisha.

Mambo madogo mawili yananikera. Jarida la sheria la shule lilichagua watu wake tangu Mei, kwa hiyo sisi tuliohamia hatumo. La pili, alama zangu za Brandt wamezipokea, lakini nafasi yangu darasani hawakuipokea. Kule nilikuwa wa kwanza kati ya watu mia moja na kumi na wawili. Hapa sina namba kabisa, na profesa mmoja ananiita Marilyn.

Usaili unaanza katikati ya Septemba. Niombee, Mzee wa Darasa.

Marlene

—

Youngstown, 10 Septemba 1988

Marlene dada yangu,

Mama amefurahi kuhusu dirisha. Ukuta nimeuficha.

Mzee wa Darasa anakusalimu akiwa na miaka thelathini na mmoja na goti linalouma. Nimepata kazi ya saa chache ofisini kwa Mkuu wa Kitivo. Kila siku baada ya chakula cha mchana napanga mafaili, nachapa bahasha, na kumsikiliza Mkuu Oakes akilalamika. Jina lako halitajwi pale ndani. Alibandua picha yako ubaoni kwa mikono yake mwenyewe, halafu akafunga mlango. Mhazili wake, Bibi Tolliver, anasema kilichomuuma si kuhama kwako. Ni kwamba ulichukua karatasi zako kwake yeye Tolliver, ukaondoka bila kuingia kumuaga mzee. Mlango wenyewe ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa anakusubiri.

Sikusemi. Mimi pia ningehama kama ningekuwa na alama zako na mama asiyehitaji kupelekwa hospitali mara tatu kwa wiki. Ila niambie kweli, ukiona: je, kuhama kunasaidia? Au ni ule uvumi tu tunaopeana kwenye ngazi za maktaba? Ukijua, niandikie, maana nina rafiki anayetaka kujua. Rafiki huyo ana goti linalouma.

Darasa ni lile lile, limepungua kidogo. Ijumaa hii kanisani kwenu waliuza pierogi, zile za viazi za kuchemsha, nikanunua dazeni mbili. Baba yako ndiye aliyekuwa akisimamia sufuria. Anajivuna juu yako mpaka foleni ikasimama.

Curtis

—

Washington, 2 Oktoba 1988

Kaka Curtis,

Uliuliza kama kuhama kunasaidia. Kaa chini usome polepole.

Usaili unafanyika hotelini. Wametoa vitanda vyumbani wakaweka viti viwili na meza, na sisi tumesimama kwenye korido na suti zetu. Unapewa dakika ishirini. Hakuna anayekuambia muda umekwisha. Mwanafunzi anayefuata ndiye anayegonga mlango, na hapo unanyanyuka hata kama neno lilikuwa mdomoni. Nimegongewa mara ishirini na tatu.

Kila chumba ni mazungumzo yale yale. Wanashika karatasi yangu na macho yao yanatafuta namba ambayo haipo. Wanauliza kwa nini niliondoka Brandt. Nikisema nilitaka shule bora, naonekana mtu wa kukimbia. Nikisema nilikuwa na furaha kule, wanauliza sasa niliondokea nini. Wanauliza ni profesa gani wa hapa anaweza kunisemea. Nina wiki tano hapa, Curtis. Anayeweza kunisemea ni mpishi wa kantini.

Wenzangu hapa wana desturi ya kubandika barua zao za kukataliwa kwenye ukuta wa bafu. Bahasha nyembamba ni kukataliwa, huna haja ya kuifungua. Zangu zimefika kumi na tisa, na mimi ndiye ninayeongoza bafu zima.

Sasa sikiliza. Alhamisi niliingia kwa watu wa kampuni ya Lindqvist na Pruett ya Chicago. Aliyekuwa ndani ni mzee mmoja, Bwana Garrity. Alisoma karatasi yangu, kisha akaweka kalamu chini.

“Wewe ndiye Hudak wa Brandt,” akasema. “Kila mwaka tunachukua mtu mmoja kutoka Brandt. Mkuu Oakes anatuletea jina moja, la anayeongoza mwaka wa pili, na sisi hatulijadili. Mwanzilishi wetu alisoma pale. Mwaka huu tulikuwa tunasubiri jina lako.”

Nikamwambia basi nipo, nichukueni. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

“Kutoka Ashby tunachukua sita,” akasema, “na wote wana namba. Hapa wewe huna. Ungebaki, usingekuwa na haja hata ya kuvaa hiyo suti.”

Kazi ya kiangazi kwao, na baada ya hapo ajira. Ilikuwa yangu. Mkuu Oakes hamwambii mtu mpaka jina limekwenda, ili tusianze kufichana vitabu. Ningeingia kuaga angeniambia, najua angeniambia. Niliona aibu kumtazama usoni, nikapita mlango wake nimeinamisha kichwa. Nimejitoa mwenyewe mahali nilipokuwa nimewekewa nafasi, nikaja kusimama kwenye korido ya hoteli.

Lakini bado haijaisha. Nilimuuliza Garrity: nikirudi Brandt Januari? Akasema jina likipelekwa na Mkuu Oakes, wao hawaulizi mtu alikuwa wapi Septemba. Linapelekwa tarehe mosi Novemba. Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta nyingine, imefungwa, ya Mkuu. Namwomba radhi na namwomba anirudishe. Sitaki kuituma kwa posta, akaona jina langu na kuiweka pembeni. Wewe unakaa naye. Chagua siku ambayo yuko vizuri, mpe mkononi, na uniongezee neno. Anakupenda, hilo kila mtu analijua.

Hollis atalia. Na alie, baba yake ana kampuni yake mwenyewe, hatalala njaa.

Nakutegemea wewe tu.

Marlene

—

Youngstown, 9 Oktoba 1988

Marlene,

Nimepokea, na bahasha ya ndani pia.

Mkuu amesafiri kwenda Columbus kwa mkutano na harudi mpaka katikati ya wiki ijayo. Akirudi huwa na mafua na hasira, kwa hiyo nitasubiri kidogo. Umesema nichague siku nzuri, nami nitaichagua.

Umemtaja Hollis. Yupo, anatamba kama kawaida, ana koti jipya.

Jumamosi mpwa wangu alioa. Meza ya biskuti ilikuwa na aina arobaini na moja, shangazi zangu wote waligombana juu ya nani aweke zake mbele, na mama alikaa kwenye kiti chake akitoa hukumu. Alikula tatu ingawa daktari alimruhusu moja. Mvua ilinyesha wakati wa picha. Bibi harusi alikuwa mwepesi wa kucheka, tukacheka naye. Sijui kwa nini nakuandikia haya yote. Paa letu limeanza kuvuja upande wa jikoni.

Usihangaike sana. Wewe utapata tu, huko au huku. Watu kama wewe hupata.

Curtis

—

Washington, 17 Oktoba 1988

Kaka Curtis,

Amerudi? Umempa?

Samahani kwa barua fupi. Nimejaribu kusoma wiki nzima na sisomi. Nahesabu siku mpaka tarehe mosi, kisha nazihesabu upya kama vile zitaongezeka. Hapa nakwenda darasani nakaa nyuma, na hakuna anayejua kama nipo. Kule sina kiti mpaka Mkuu aseme. Niko mlangoni kwa pande zote mbili, Curtis, na milango yote inafunguliwa kutoka ndani.

Baba amewaambia watu wa parokia kwamba nimeshapata kazi. Mimi sikusema hivyo. Nilisema kwenye simu naendelea vizuri, yaliyobaki akajaza mwenyewe. Jana Bibi Kovach wa pale karibu na duka la mikate amenitumia kadi ya pongezi yenye picha ya tarumbeta. Nimeibandika bafuni pamoja na zile nyingine.

Niko tayari kumpigia Mkuu simu. Ninachosubiri ni neno lako.

Marlene

—

Youngstown, 24 Oktoba 1988

Marlene,

Nimempa Ijumaa. Aliichukua, akaiweka mfukoni.

Usimpigie simu. Unamjua mzee, simu anaichukia, na ukimbana atasema hapana kwa ubishi tu. Mwache aisome kwa wakati wake. Kukiwa na neno nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mama hakuamka vizuri leo, nakimbia.

Curtis

—

Washington, 5 Novemba 1988

Curtis,

Tarehe mosi imepita na hujaandika.

Siwezi kukaa hivi. Leo nimemwandikia Mkuu moja kwa moja, kwa posta, kama ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Sikukutaja kwa jina, nisije nikakuharibia kazi. Nimesema tu kwamba Oktoba nilimpelekea barua kwa mkono wa rafiki na ninaomba jibu lake, liwe lolote.

Mama yako hali yake ikoje? Kama ndiyo iliyokunyamazisha, niambie, na unisamehe kwa kukusumbua.

Marlene

—

Shule ya Sheria ya Brandt
Ofisi ya Mkuu wa Kitivo
Youngstown, Ohio
14 Novemba 1988

Ndugu Bi Hudak,

Barua yako ya tarehe 5 Novemba nimeipata. Unataja nyingine ya Oktoba. Hiyo haikunifikia. Huyo rafiki sijui ni nani na sitauliza, kwa kuwa naona wewe mwenyewe hukutaka kumtaja.

Nitakujibu wazi, kwa sababu unastahili. Ningeipata kabla ya tarehe mosi, ningekurudisha bila kusita. Katika miaka yangu thelathini hapa wamerudi watatu, na hakuna aliyejuta, mimi wala wao. Na kwa alama zako, jina ambalo ningelipeleka Chicago lingekuwa lako. Uliniudhi ulipoondoka bila kuaga, lakini kuudhika kwangu hakupunguzi alama za mtu.

Sasa nafasi za Januari zimefungwa. Jina lililokwenda ni la Bwana Curtis Applewhite. Ndiye anayeongoza darasa tangu Bwana Pendry naye alipotuhama mwishoni mwa Agosti. Kampuni imemkubali juma lililopita. Najua ni rafiki yako, na natumaini utafurahi kwa ajili yake. Ni mtu aliyeanza upya kwa tabu.

Utaratibu ule hauna jina la pili. Mwaka mmoja kijana wetu alijitoa baada ya kukubaliwa, na kampuni haikuchukua mtu kabisa. Nakueleza haya ili usibaki na matumaini yatakayokuchosha.

Mlango wangu ulikuwa wazi siku ile, na bado uko wazi kwa salamu.

Wako,
Emmett Oakes

—

Youngstown, 17 Novemba 1988

Marlene,

Nimeanza barua hii mara nyingi mno. Naandika hii na naituma hii hii, nikiirudia tena nitaikimbia.

Sikumpa. Barua yako ninayo, iko katikati ya kurasa za Biblia ya mama, mahali ambapo nilijua sitaweza kuisahau. Sijaifungua. Nilikuandikia kwamba aliiweka mfukoni. Niliibuni hiyo, mfuko na kila kitu.

Hollis aliondoka siku mbili baada yako, baba yake alimpatia nafasi Pittsburgh. Nilipokuandikia Septemba sikukwambia, na wakati ule haikuwa hila. Niliona haya tu kusema kwamba mimi ndiye wa kwanza, kwa sababu walio mbele yangu wamehama. Halafu ikaja barua yako na habari za Garrity. Niliisoma nimesimama jikoni, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshaelewa kwamba jina lile lilikuwa langu, na kwamba umenituma mimi nikalifute.

Kila mchana nilikwenda ofisini na bahasha yako ndani ya koti. Mkuu alikuwepo kila siku, hata Columbus hakwenda. Nilijiambia kesho. Nilijiambia wewe ni kijana, una miaka ishirini na minne, una Ashby, utapata. Nilijiambia kwamba nilifukuzwa kiwandani nikiwa na miaka ishirini na tangu hapo sijawahi kuwa wa kwanza kwenye kitu chochote. Yote ni kweli na hakuna hata moja linalonisafisha. Tarehe mosi mimi ndiye niliyechapa bahasha ya Chicago. Sikukosea hata herufi moja, na hilo ndilo linalonitisha.

Wamenikubali. Mama analia kwa furaha na anamwambia kila muuguzi. Mimi siwezi kula. Nikiwa ofisini Mkuu akinipiga begani natamani sakafu inimeze.

Najua umemwandikia Mkuu. Barua zako sizioni, za siri anafungua Bibi Tolliver, kwa hiyo sijui amekujibu nini. Naomba unijibu swali moja tu. Angekurudisha? Kama mimi ndiye niliyekuzuia, Jumatatu ya tarehe 28 nitaingia kwake nimwambie yote, niwaandikie Chicago nijitoe, na nitaondoka Brandt. Sikwambii haya ili unionee huruma. Siwezi kuingia kazini kila asubuhi kwa mlango nilioufunga mbele ya uso wako.

Sema neno tu. Nitalifuata.

Curtis

—

Washington, 24 Novemba 1988
Siku ya Shukrani

Curtis,

Barua yako ilifika Jumatatu. Sikujibu mara moja kwa sababu majibu niliyokuwa nayo Jumatatu na Jumanne hayafai kupita posta.

Nina hasira na wewe. Sitaki ukadhani mimi ni malaika. Ulinidanganya kuhusu Hollis, ukanidanganya kuhusu koti lake jipya, ukaniambia nisipige simu, na mimi nikakaa hapa nikiuliza afya ya mama yako. Hayo utaniomba radhi ana kwa ana, siyo kwa barua, na utaniomba mbele ya baba yangu ili ajue kwa nini sikuongea nawe Krismasi. Nadhani nitakuwa nimeshapoa kufikia Pasaka. Sikuahidi.

Leo shule imefungwa na wenzangu wote wamekwenda kwao. Nilibaki. Baba alinipigia akaniuliza kama kampuni imenipa likizo, nikamwambia ukweli, kwamba hakuna kampuni. Halafu akaniuliza kama nimekula. Basi, hilo limekwisha, na nimeweza kupumua kidogo. Wiki ijayo nina usaili mmoja, kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti moja huko Virginia. Ni ofisi ya watu wanne. Hawajauliza kuhusu namba.

Kuhusu swali lako la zamani, mwambie yule rafiki yako mwenye goti kwamba kuhama kunawasaidia wanaobaki. Unaruhusiwa kucheka, mimi nilicheka.

Sasa swali lako lingine. Mkuu amenijibu kwa heshima sana, barua yake iko hapa mbele yangu. Anasema Brandt haimrudishi mtu aliyekwisha kuhama. Ni sheria ya kitivo, ameikuta pale na ataiacha pale, na katika miaka yake thelathini hajarudi hata mmoja. Ameniomba jambo hili lisitajwe tena ofisini kwake, nami nimemwahidi kwa niaba yetu sote wawili, kwa hiyo tarehe 28 usiingie kumwambia kitu. Ukijitoa, Chicago hawatachukua mtu, na mama yako atalia kilio kingine. Nenda ukafanye kazi.

Ile barua itoe kwenye Biblia uichome bila kuifungua. Hata ungempa siku ile ile ilipofika, jibu lingekuwa hilo hilo.

Marlene